Kinywa cha Binti wa Msufi

Kubanwa kuna namna nyingi, na mie nimebanwa kwa karibu zote. Lakini kubanwa kutamu kuliko kote ni kusimama ndani ya kibanda cha kitambaa, bega kwa bega na kijana wa watu, mikono yake yote miwili iko juu kama mwizi aliyekamatwa, wala huwezi kumgusa wala yeye hawezi kukugusa, kwa sababu shangazi yako amekaa benchi la mbele anatafuna kahawa.

Kibanda chenyewe kilikuwa mbao nne zilizozungushiwa kaniki, katika ukumbi wa parokia yetu, Chang'ombe, mwaka wa hamsini na nne. Juu ya kaniki walicheza vikaragosi. Chini ya kaniki tulichezewa sie.

Mwenye mikono alikuwa Albano, fundi seremala, kwao kusini upande wa Ndanda. Vikaragosi alivichonga mwenyewe kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi na mkono hauchoki upesi. Mkono wa kushoto alivaa Baba, mwenye kipara na masharubu. Mkono wa kulia alivaa Binti, gauni la maua, macho makubwa, taya ya chini imeshikizwa kwa ngozi na uzi ukapita shingoni mpaka kwenye kidole chake. Akivuta, kinywa kinafunguka. Akiachia, kinafumba.

Mie nilikuwa sauti, ya Baba na ya Binti. Ya Binti nilitumia ya kwangu. Ya Baba niliazima kwa baba yangu mzazi, Mzee Apolinari, karani mwenye kikohozi cha heshima kabla ya kila neno. Mungu anisamehe, nilikiigiza hata hicho kikohozi.

Mchezo aliutunga Padre kwa ajili ya sikukuu ya parokia, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Baba anamchagulia Binti mume. Binti anakubali kwa unyenyekevu. Watu wanapiga makofi, wasichana wanaoona haya wanaona haya zaidi. Basi.

Mwanzoni Binti wetu alikuwa aibu tupu. Albano alikuwa akivuta uzi kwa kila kipande cha neno. Nikisema "nakubali," kinywa kinapiga pa-pa-pa-pa kama kuku anayekunywa maji. Mwili wenyewe umesimama tu, kama ufagio uliovishwa nguo.

"Huyo mtoto anaongea au anatafuna?" Shangazi Tekla akauliza kutoka benchini.

"Anaongea, Shangazi," nikajibu.

"Basi mpeni chakula amalize, ndiyo aongee."

Huyo ndiye shangazi yangu. Alikuwa dada yake baba, na mama yangu alipokwenda Bukoba kumuuguza bibi, yeye ndiye aliyeletwa kunilinda. Alikuwa na kijaluba cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani ya kwetu Bukoba. Humwoni bila kijaluba. Nilipokuwa naruhusiwa kutoka, nilitoka naye. Nilipokuwa siruhusiwi, alikaa nami. Nyumbani kwetu palikuwa na mlango mmoja, na Shangazi ndiye aliyekuwa bawaba.

Sasa mbele ya ukumbi, ng'ambo ya uwanja, palikuwa na bomba la maji, na penye bomba pana wanawake, na penye wanawake na ndoo pana maneno. Siku moja tumepumzika, Albano anajinyoosha mikono, nikamvuta mpaka mlangoni.

"Mtazame Bi Tabu kule. Anamwambia nini mwenzake?"

"Mbali. Sisikii."

"Nani kakwambia usikie? Nimesema tazama."

Akatazama. Bi Tabu, jirani yetu, mwanamke mnene wa haki, alikuwa ameshika kiuno. Kidevu chake kilitangulia mbele, kikakaa, halafu bega moja likashuka, na ndipo mdomo ukafunguka mara moja tu.

"Anasema, toa ndoo yako," Albano akanena taratibu.

"Umejuaje?"

"Kidevu kimesema kabla." Akatazama tena. "Na mdomo haukufunguka maneno yote. Umefunguka kwenye 'toa' tu. Mengine yamepita meno yamefumba."

"Unaona?"

"Auleria," akaniita, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita jina, "yule mama anavuta pumzi kwanza. Binti wetu havuti pumzi. Ndiyo maana ni maiti."

Tangu hapo tukawa wezi wa wanawake wa bombani. Tukasimama mlangoni, Shangazi nyuma yetu, tukiwaiba mmoja mmoja: huyu anavyokataa, huyu anavyosingizia, huyu anavyojifanya hakusikia. Kisha tunarudi kibandani na Binti anafanya vile vile. Kwanza macho yake yanageuka. Halafu mabega yanapanda kwa pumzi. Halafu kidevu. Kinywa kinakuja mwisho, kinafunguka penye uzito na kufumba kwingine. Siku ambayo Binti alimgeukia Baba, akashusha mabega, na mie nikasema "Ewe baba," Shangazi aliacha kutafuna.

"Mama wee!" akasema. "Kameniangalia!"

Cha kuchekesha ni mwenye mikono mwenyewe. Binti alikuwa amejaa uhai, yeye Albano amesimama kama mlingoti. Ukimsalimia anavijibu viatu vyake, maana ndivyo anavyovitazama.

"Wewe, Albano," nilimwambia siku moja, "mtu anaweza kukuanikia nguo."

"Anike," akajibu. "Nguo za kwenu nitazishika vizuri."

Nikatazama pembeni, na shingo yangu ikapata moto. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya mapenzi, ndugu zangu. Hakuandika nyingine.

Tulichogombania kilikuwa kimoja. Penye "nakubali," yeye alitaka Binti ainamishe kichwa.

"Msichana akikubali anainama," alisema. "Hata kwetu kusini."

"Msichana akilia naye anainama. Watu watajuaje kipi ni kipi?"

"Watajua kwa neno."

"Na kama neno si lake?"

Hakunielewa. Hata mie nilikuwa sijui nimetabiri nini.

Alhamisi jioni baba alikohoa mezani. Sie hatukuwa tukila naye kila siku, kwa hiyo nilipoitwa nilijua kuna jambo. Ndizi ziko sahanini, mvuke unapanda, na baba anamtazama Shangazi, hanitazami mie.

"Tekla, mwambie mtoto kwamba Padre atasoma tangazo Jumapili hii."

Shangazi akanigeukia. "Baba yako anasema tangazo litasomwa Jumapili hii."

Nilikuwa nimekaa mbele yao wote wawili, hatua mbili, masikio yangu mazima. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Jambo la ndoa baba halisemi na binti, na binti halijibu kwa baba. Shangazi ndiye kinywa. Linakwenda kwake, linarudi kwake, kama maji yanavyopita bombani.

"Tangazo gani, Shangazi?"

"La kwako na Leodegar, mwalimu wa kule kwetu Kamachumu. Yule mtoto wa rafiki wa baba yako."

Leodegar nilimwona mara ya mwisho akiwa na kamasi na mie nina mapengo. Sina ubaya naye mpaka leo. Huwezi kumchukia mtu usiyemjua, ila unaweza kuozwa kwake.

"Lakini Shangazi, mie..."

"Mwambie," baba akakatiza, akiziambia ndizi, "nimefurahi sana aliposema amekubali. Nilikuwa na hofu ya binti wa mjini. Mungu ambariki."

Nikamtazama Shangazi. Amekubali nani? Lini? Shangazi akatoa punje ya kahawa, akaitia mdomoni, akatazama taa.

Nikakumbuka. Mwezi uliopita, uani, ninaosha vyombo, siku ile ilipokuja habari kwamba bibi amezidiwa Bukoba na mama harudi karibuni. Shangazi alikuja nyuma yangu akanena neno kuhusu watu wa Kamachumu, kwamba wametuma salamu, wanasemaje, nami nasemaje. Nikainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye maji ya sufuria. Akaondoka bila kuja upande wa uso.

Kumbe pale niliolewa.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo mbele ya baba yangu na haukutoka hata upepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasema kwa sauti ya Baba na ya Binti mbele ya watu, na ya kwangu sikuwa nayo. Nikainamisha kichwa.

"Umeona?" Shangazi akamwambia baba. "Ndiyo huyo."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Akina mama wa parokia mbele kwa vilemba vyao, wanaume pembeni, watoto chini sakafuni, hata majirani Waislamu walikuja kutazama, Bi Tabu amekaa mlangoni na ndoo yake asiibiwe zamu. Baba alikuwa safu ya mbele kwa suti ya kahawia, Shangazi kando yake. Nilimwona kupitia kijitundu cha kaniki kilicholiwa na mende, sawasawa na jicho langu.

Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu, ndiyo maana tuliweza kunong'ona.

"Kesho wananitangaza," nikamwambia Albano.

"Nimesikia. Mafundi wote wamesikia." Alikuwa anamvalisha Binti gauni, hanitazami. "Hongera."

"Hongera?"

"Umekubali mwenyewe. Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe ukaamini?"

"Nilikuwa na haki gani ya kutoamini? Baba yako ni karani. Mie nachonga miguu ya viti. Mama yangu kule Mbagala anasema watu wa kwenu hawaozi kwa wachonga vinyago, nisiende kujiaibisha."

"Mama yako amenipima lini?"

"Auleria, usipige kelele."

"Nipige kelele lini mie? Wewe umesimama kando yangu muda wote huu, huna hata neno moja. Nguo utazishika! Nguo! Ningemwambia nini baba yangu, kwamba nimepata kamba ya kuanikia?"

Pale aligeuka. Kibanda kilikuwa chembamba, kugeuka kwake kulimleta karibu hata nikanusa takataka za randa kwenye nywele zake. Macho yalikuwa mekundu.

"Ukikaa karibu yangu nasahau maneno," akasema. "Nikishika Binti nayakumbuka. Ndiyo ugonjwa wangu."

"Basi leo kaa na Binti wako."

"Na wewe kaa na Leodegar wako."

Kwaya ikanyamaza. Akainua mikono. Nikashika pumzi yangu na kiuno changu, tukaanza.

Mchezo ulikwenda kama maji. Baba wa msufi alikohoa, ukumbi ukaangua kicheko, na kupitia kijitundu nikamwona baba yangu anamnong'oneza Shangazi, "Sauti hii nimeisikia wapi?" Binti akaingia. Akafagia, akapumzika, akajifuta jasho, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Kama Yustina wangu!" Albano alikuwa amekasirika, na hasira ilimpa mikono ya ajabu. Kila Binti alipotaka kusema, ukumbi mzima ulivuta pumzi naye.

Tukafika penyewe.

"Binti yangu," nikasema kwa sauti nzito, "nimekuchagulia mume mwema. Wasemaje?"

Binti akamgeukia Baba. Nikasema maneno ya Padre:

"Ewe baba, mapenzi yako ndiyo mapenzi yangu. Nakubali."

Kinywa cha Binti hakikufunguka.

Sauti imetoka, kinywa kimefumba. Binti amesimama wima anamtazama Baba, midomo imekaza kama mtoto anayekataa dawa.

"Kimekwama!" mtoto mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

Nikamkanyaga Albano mguu. "Uzi umekatika?"

"Uzi mzima."

"Basi fungua!"

"Sema tena."

"Nakubali," nikasema, kwa nguvu zaidi. Kinywa kimya. Ukumbi nao ukaanza kunyamaza, kicheko kimoja kimoja kikizimika, kwa maana Binti alikuwa anatikisa kichwa taratibu sana, hivi, kidogo tu, kama mtu anayejikataza kulia.

"Albano, unanitia kwenye balaa."

"Wewe unakubali?" akanong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka mkononi mpaka kwapani. "Niambie unakubali, naapa nitafungua."

Mbele kaniki, nyuma ukuta, kulia Albano, kushoto ubao. Nimezungukwa na baba wawili, mmoja wa mti mmoja wa nyama, wote wanangoja.

"Basi," akasema.

Mabega ya Binti yakapanda. Kidevu kikainuka. Kinywa kikafunguka wazi, wazi kabisa, kikabaki hivyo. Hakikuwa na neno ndani. Kilikuwa kinasubiri.

Alikuwa amenipa kinywa.

Sijui niseme nini kuhusu muda ule, ila kwamba nilikitazama kile kinywa kwa chini, nikaona nyayo za patasi ndani ya kaakaa la mti, mahali ambapo hakuna atakayeona kamwe, naye kapasugua mpaka pakalainika. Nikajua mtu aliyelainisha pale alikuwa ananilainishia mie.

"Baba," nikasema. Sikuigiza. "Mie sikuulizwa."

Kinywa kikafumba juu ya neno la mwisho, sawasawa kama mlango.

Akina mama wakasema "Eeeh!" kwa pamoja. Na baba yangu akasimama.

Watu walidhani amejiunga na mchezo, wakapiga makofi. Yeye hakuwasikia. Alimtazama Binti. Mie binti yake wa damu hajawahi kunitazama hivyo katika jambo hili, lakini huyu wa mti, aa, huyu aliweza.

"Binti," akasema, akakohoa, "shangazi yako alikuuliza."

Albano akamwacha Baba wa msufi aanguke. Akamgeuza Binti pole pole mpaka akamkabili baba yangu. Macho makubwa yale. Pumzi. Kidevu.

"Shangazi alisema kwa nyuma, nami nikainama. Nilikuwa nalia, baba."

"Kuinama ni kukubali. Ndivyo kwetu."

"Kwetu hata ng'ombe huinama, baba, akinywa maji. Nani amemwoza?"

Ukumbi ukapasuka. Bi Tabu alicheka hata akaiacha ndoo yake ikabiringika. Baba yangu hakucheka. Masharubu yake yalitikisika kidogo, sikuweza kujua kwa lipi. Akamgeukia dada yake.

"Tekla. Ulimwona uso?"

Shangazi alikuwa na kahawa shavuni. Hakuitafuna.

"Niliona kisogo," akasema. "Kisogo kiliinama."

"Ukaniletea ndiyo ya kisogo."

"Kaka, ndivyo nami nilivyoulizwa zamani zangu. Mie nani aliona uso wangu?"

Hakuna aliyecheka hapo. Baba akasogea, akashika kaniki, akaifunua. Mwanga wote ukatuangukia. Mie nimeshika mdomo wangu. Albano mikono bado iko juu, Binti kwenye mkono wa kulia, amesahau kuishusha.

"Ndiwe mwenye mikono?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una neno kuhusu mtoto wangu?"

Nilimtazama Albano kwa roho yangu yote. Sema! Mabega yake hayakupanda. Kidevu kilikuwa kimezama kifuani. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka, ukafumba, pa-pa-pa, kama Binti siku ya kwanza, na sauti hakuna.

Baba alingoja kwa heshima. Kisha akasema, "Kumbe wa mti ni huyu."

Akamgeukia Padre, ambaye uso wake ulikuwa umekuwa kama nyanya. "Padre, tangazo la kesho lisimame kwanza. Nitaongea na watu wa Kamachumu." Halafu kwangu mie, bila kunitazama: "Tekla, mwambie, nyumbani. Na ukumbini harudi tena."

Basi nikafungiwa. Msidhani ni kufuli. Kufuli ningeivunja. Lilikuwa ni benchi la Shangazi limehamishwa kutoka ukumbini likawekwa mlangoni kwetu, na juu yake yeye. Leodegar hakuwa tena mume wangu, ila hakukuwa na wa kuziba pengo, na msichana mwenye pengo anazungumzwa zaidi kuliko mwenye jino bovu. Baba alipita akaenda kazini, akarudi, akakohoa. Shangazi hakuwa akiniongelesha. Mie nilikuwa nimekaa dirishani namlaani Albano kwa herufi zote nilizofundishwa darasani.

Dirisha letu lilitazama bomba kwa mbali. Ni uwanja mzima katikati. Unaona watu, husikii kitu.

Asubuhi moja wanawake wakaanza kugongana mabega kule na kucheka. Mwanamume amekuja bombani na ndoo. Mwanamume! Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na ndoo yenyewe ameishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Akaweka ndoo chini. Akageuka akakabili dirisha letu. Nami nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa Albano: mabega yakapanda.

Akavuta pumzi mpaka chini kabisa. Kidevu kikatoka kifuani, kikaelekea kusini, kwenye barabara ya Kilwa, kikakaa. Kisha akapinda mgongo, akashika kiuno, akatembea hatua chache za bibi kizee mwenye magoti mabovu, hata wanawake wa bombani wakaacha kucheka wakamtazama. Akanyooka. Akafunga kishikizo cha shati shingoni, akafuta vumbi viatu kwa nyuma ya suruali, akabisha hodi hewani. Halafu akasimama mikono kifuani, uso juu, mbele ya Bi Tabu na bomba na ulimwengu mzima wa Chang'ombe, mlingoti uliopata upepo. Mwisho kabisa kinywa chake kikafunguka, mara moja tu, kwa neno moja, kikafumba.

Mikono yangu ilikuwa imeshika nondo za dirisha. Sikujua.

"Anasemaje yule mwendawazimu?" Shangazi akauliza nyuma yangu. Alikuwa ameinuka benchini.

"Anasema bomba halitoi maji."

"Muongo mkubwa." Akaja akasimama kando yangu, shingo imerefuka dirishani. "Anasema anakwenda Mbagala kumchukua mama yake, yule mwenye magoti, waje kubisha hodi kwa baba yako. Shati kaliazima, si lake, linambana kwapa."

Nikamgeukia nimeduwaa.

"Unanishangaa nini?" akasema. "Nyie mnadhani benchini pale nilikuwa natafuna tu? Nimewatazama tangu yule Binti wenu hajui kuvuta pumzi." Akakitoa kijaluba, akakitazama, akakirudisha bila kukifungua. "Lile neno la mwisho silijui. Mbali."

"Mie nalijua."

"Sikukuuliza hilo."

Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemfanyia yeye. Alinishika mabega akanigeuza. Akazunguka akaja upande wa mbele, upande wa uso, akainama kidogo mpaka macho yake ya kizee yakawa sawa na ya kwangu. Nusu ya pumzi yake ilikuwa kahawa.

"Auleria mwanangu, safari hii nakuuliza. Baba yako yuko uani. Nikamwambie nini?"

Sikuinama. Mabega yakapanda yenyewe. Hewa ikaingia mpaka kwenye kitovu, kidevu kikainuka, machozi yalikuwepo lakini hayakuwa na kazi, nami nikaanza kufungua kinywa.

Shangazi akainua mkono.

"Basi, nimeshasikia," akasema, akajifunga khanga yake kiunoni, akaenda uani kwa kaka yake.